Jina na Tawi: Utambuzi wa Maua ya Kaskazi katika Bustani za Nyumbani za Pwani

Neno ua katika Kiswahili lina maana mbili ambazo upatanisho wa kisarufi huzitenganisha na maisha ya pwani huzikutanisha. Kuna ua ambalo wingi wake ni maua, na kuna ua ambao wingi wake ni nyua, yaani uwanja uliozungushiwa kuta au makuti nyuma ya nyumba. Aghalabu la kwanza hukuzwa ndani ya wa pili: katika debe, katika chungu kilichovunjika mdomo, au kando ya kisima ambako maji ya kuogea hayapotei bure. Katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, jirani huingia, huvutiwa na kilichochanua, huomba tawi au mche, na hupewa. Hivyo ndivyo bustani nyingi za nyumbani zilivyoenea, si kwa ununuzi. Pamoja na tawi husafiri jina, na pamoja na jina husafiri maarifa ya matumizi, ya msimu na ya hatari. Lakini mara nyingine tawi hufika peke yake. Mjadala huu unahusu kinachopotea hapo.

Mfano ulio bora wa jina lililosafiri salama ni mkilua. Huu ni mti mdogo, au kichaka, wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ambao pia hupandwa majumbani kwa ajili ya ua lake, kilua. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea aliyewahi kufanya kazi Nairobi kabla ya kuhamia Kew, Uingereza, aliutambua kuwa jenasi ya peke yake katika familia ya mstafeli. Badala ya kuubunia jina la Kilatini au kuupa jina la mfadhili fulani, aliuita Mkilua fragrans. Neno la wanawake wa pwani likawa jina la kisayansi la jenasi nzima, likiwa na kiambishi chake cha ngeli. Jambo hilo halijapewa uzito unaostahili katika taaluma ya Kiswahili.

Kiambishi hicho si pambo. Mkilua na kilua, mwafu na afu, mkadi na kadi, mwaridi na waridi: Kiswahili hutaja mmea kwa ngeli moja na kile kinachochumwa kwa ngeli nyingine. Mtunza bustani wa pwani hutambua mmea kwa kile unachotoa, na katika maua ya jadi kinachotolewa kwanza ni harufu. Kilua si ua la kushangaza kwa rangi. Asiyelinusa anaweza kupita karibu nalo bila kugeuka. Thamani yake huonekana katika kikuba, kile kifungu kidogo cha maua na majani ya kunukia ambacho wanawake hujipamba nacho, ambamo hukutana na asumini, mrehani na mkadi. Kwa hiyo mtu anayeuliza "hili ni ua gani?" huulizwa naye: linanuka vipi, linanuka saa ngapi, linavaliwa au linatandazwa kitandani? Maswali hayo ni mfumo kamili wa utambuzi, ingawa haukuandikwa kwa jedwali.

Ubainifu wa mfumo huo unaonekana katika jamii ya asumini. Asumini ya bustanini, ambayo jina lake lilitoka Kiajemi kupitia Kiarabu, ni mmea uliotoka Asia. Asumini ya mwituni ina jina lake, afu, na asiyejua tofauti hiyo husahihishwa mara moja. Wataalamu wa sayansi, kwa upande wao, waliwahi kupotoka katika jambo hilohilo. Aina moja ya asumini mwitu ya Afrika iliandikwa kwanza kutokana na mimea iliyokutwa Brazili, ilikokuwa imefikishwa kutoka Afrika, ikaitwa Jasminum fluminense, yaani asumini ya Rio de Janeiro. Jina limebaki hivyo hadi leo kwa mujibu wa kanuni.

Si kwamba majina ya Kiswahili hayana matatizo. Mti mkubwa wenye maua mekundu unaowaka kuanzia Novemba, Delonix regia, ulitoka Madagaska, na uliandikwa mwaka 1829 kutokana na kazi ya Wenceslas Bojer, ambaye miaka mitano kabla ya hapo alizuru Zanzibar. Tanzania wengi huuita mkrismasi kwa sababu ya msimu wake. Wengine huuita mkakaya, na wengine mjohoro. Jina hili la mwisho ndilo lenye utata, kwa kuwa mjohoro kwa watu wengi zaidi ni Senna siamea, mti wa Asia wenye maua ya manjano, unaopandwa kwa kivuli na kuni. Anayeomba mbegu za mjohoro anaweza basi kupata mti asioutarajia, na atajua baada ya miaka. Hata hivyo utata huu una tiba nyepesi, kwani majani huamua: ya mjohoro wa manjano yana vijani vilivyopangwa pande mbili za kikonyo kimoja, ilhali ya mkrismasi hugawanyika mara mbili hadi kuwa kama unyoya.

Tatizo zito zaidi ni la mimea iliyo ya hapa lakini inayorudi nyumbani kama mgeni. Ua dogo laini linalopandwa vivulini, Impatiens walleriana, asili yake ni Afrika Mashariki. Lilipofika Uingereza lilipewa jina mwaka 1868 kwa heshima ya mmisionari Horace Waller. Kisha mwaka 1882 likapewa tena jingine, Impatiens sultani, kwa heshima ya sultani wa Zanzibar, kabla ya wataalamu kukubaliana kuwa mmea ni mmoja na jina la kwanza ndilo litakalosimama. Ua la Usambara nalo lilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni, na mwaka 1893 likaitwa Saintpaulia kwa jina la ukoo wake. Leo hukuzwa madirishani Ulaya na Marekani, huku baadhi ya aina zake za porini zikiwa hatarini kutoweka kwa sababu ya ukataji wa misitu. Mtu wa Tanga anayelinunua katika chungu cha plastiki huambiwa ni ua la kigeni, na hana sababu ya kushuku. Akijua kuwa ndugu zake ua hilo wanaota kwenye miamba yenye kivuli karibu na kwao, huenda akautazama msitu ule kwa jicho jingine.

Kamusi zingetarajiwa kusaidia. Padri Charles Sacleux, ambaye mwenyewe alikusanya mimea, aliandika katika kamusi yake ya mwaka 1939 majina mengi ya mimea pamoja na majina ya kisayansi. Mwaka 1949 R. O. Williams alichapisha kitabu cha mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Kamusi za lugha moja zilizofuata hazikuendeleza kazi hiyo kwa kiwango hicho. Fasili nyingi huishia kwenye maneno aina ya mti au aina ya ua, ambayo hayamsaidii mtu aliyeshika tawi mkononi. Pengo hilo sasa linajazwa na programu za simu zinazotambua mmea kwa picha. Programu hizo zina manufaa makubwa, lakini hazinusi, na jibu lake ni jina la Kilatini au Kiingereza ambalo mara nyingi halimwambii mpokeaji chochote kuhusu matumizi.

Hasara ya kukosa jina huwa kubwa kuliko zote pale mmea unapokuwa na sumu. Mnanaha, mmea wa jenasi ya Datura, unajulikana pwani kwa jina na kwa tabia: hulevya, hutia wazimu, na majani yake makavu yamewahi kuvutwa kama dawa ya pumu kwa uangalifu wa mjuzi. Anayetaja mnanaha ametoa onyo. Lakini jamaa yake wa Amerika ya Kusini, Brugmansia, ameingia katika bustani za nyanda za juu kwa sababu ya maua yake marefu mazuri na kwa sababu tawi lake hushika mizizi bila taabu. Hupeanwa kwa ukarimu, na huitwa ua tu. Sumu zake, atropini na skopolamini, ni zilezile za mnanaha: mdomo hukauka, mboni hupanuka, moyo huenda mbio, mtu huweweseka, na mtoto anaweza kufa. Tofauti za nje ni chache. Ua la mnanaha huelekea juu na tunda lake lina miiba; la Brugmansia huning'inia kuelekea chini, na tunda lake ni laini.