Unyenyekevu wa Félicité wa Gisenyi

Mtoto hujifunza unyenyekevu kwa kuona kuliko kwa kuambiwa. Mfano mmoja uko Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, alikotumika Félicité Niyitegeka katika kituo cha Kikatoliki cha Mtakatifu Petro.

Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, aliwapokea waliowindwa, na wengine akawasaidia kuvuka mpaka kwenda Goma. Yeye hakuwa Mtutsi, na ndugu yake alikuwa kanali jeshini. Ndugu huyo alimwandikia ajiokoe. Naye akajibu kwamba hawezi kuwaacha watu 43 aliokuwa nao. Ni heri afe pamoja nao. Tarehe 21 Aprili aliuawa pamoja na aliowahifadhi.

Leo yumo katika daraja la Imena la mashujaa wa Rwanda, pamoja na wanafunzi wa Nyange waliokataa kutenganishwa kwa makabila mwaka 1997. Yeye mtu mzima, wao vijana. Somo ni moja.

Kumbe unyenyekevu si kuinamisha kichwa tu, bali ni kukataa kujiona bora kuliko mwenzako, hata cheo cha ndugu kinapokufungulia mlango. Mzazi na aanze nyumbani: akikosa, amwombe radhi hata mwanawe.