Moto Haungoji Mgonjwa Avae Viatu

Sisi tunaowatembelea wagonjwa majumbani tumezoea kupiga hodi na kungoja. Bibi mwenye miguu iliyovimba huchukua muda kuufikia mlango. Mama aliyejifungua juzi kwa upasuaji hainuki kitandani bila kushikwa mkono. Kwa hiyo tunaposikia kwamba mji fulani una mpango wa kujikinga na moto wa nyika, swali letu la kwanza ni hili: je, mpango huo umemkumbuka bibi yule?

Swali hilo lilitujia tena tuliposoma habari za mji wa Paradise, katika jimbo la California, nchini Marekani. Ulikuwa mji wenye watu wapatao 26,000, na wazee wastaafu walikuwa wengi. Umejengwa mlimani katikati ya misonobari, na barabara za kutokea ni chache.

Mpango ulikuwapo

Wakuu wa Paradise hawakuwa wamelala. Mwaka 2008 moto ulipoukaribia mji, watu waliokuwa wakikimbia walikwama barabarani kwa wingi wa magari. Baada ya hapo mji uligawanywa katika kanda, ili siku ya hatari kila kanda iondoke kwa zamu. Ilikubaliwa pia kwamba barabara kuu itapitisha magari yanayotoka tu, na zoezi la jambo hilo likafanywa.

Kisha ikafika tarehe 8 Novemba 2018. Yapata saa 12 na nusu asubuhi, kulabu kuukuu iliyoshikilia waya mkubwa wa umeme ilikatika huko milimani. Nyasi zilikuwa kavu kwa kukosa mvua ya maana kwa miezi mingi, na upepo ulikuwa mkali. Upepo huo ulirusha cheche mbele ya moto wenyewe, zikaangukia mapaa na bustani. Kufikia saa 2 mji ulikuwa umeanza kuwaka, tena sehemu nyingi kwa mara moja.

Hapo mpango ukazidiwa. Zamu hazikuwezekana tena, kwa sababu karibu kila kanda ilitakiwa kuondoka saa ile ile. Tahadhari ya simu ilitegemea watu kujiandikisha mapema, na wengi hawakuwa wamejiandikisha. Watu 85 walipoteza maisha, na majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea. Mwaka 2020 kampuni ya umeme ya PG&E ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia.

Jambo moja lilituuma sana sisi wauguzi. Wengi wa waliokufa walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 65. Wapo waliokutwa ndani ya nyumba zao.

Waliookolewa kwa ufagio na maji

Asubuhi hiyo wauguzi wenzetu wa Hospitali ya Feather River waliwatoa wagonjwa zaidi ya 60. Magari ya wagonjwa hayakutosha, hivyo wafanyakazi waliwapakia wengine katika magari yao wenyewe. Njiani gari moja la wagonjwa likashika moto. Waliokuwamo, pamoja na mama aliyekuwa ametoka tu kujifungua kwa upasuaji, waliingizwa katika gereji ya nyumba iliyokuwa karibu.

Wenye nguvu hawakukaa kungoja. Walizoa majani makavu ya misonobari yaliyojaa katika mifereji ya paa, wakaondoa vitu vya kuwaka vilivyokuwa karibu na kuta, wakailowesha nyumba kwa mpira wa maji. Wagonjwa wale walitoka hai.

Tazama, ndugu msomaji! Kazi ile ilifanywa kwa dakika chache, tena katikati ya moshi. Je, ingekuwaje kama kila nyumba ingalifanyiwa hivyo kabla ya kiangazi?

Mji umejifunza nini?

Paradise inajengwa upya, na mpango wake umebadilika. Sheria ya mji sasa inakataza vitu vya kuwaka ndani ya futi 5 za kwanza kutoka ukutani, yaani kama mita moja na nusu. Miti ya hatari imekatwa. Nyaya za umeme zinafukiwa ardhini. Tangu mwaka 2023 ipo minara ya ving'ora, ili hata asiye na simu asikie. Ardhi pembezoni mwa mji inanunuliwa na kusafishwa, iwe ukanda wa kuupunguzia moto nguvu.

Hayo yote ni mema. Kinga ni bora kuliko tiba, ndivyo tulivyofundishwa tangu chuoni. Lakini king'ora huita tu. Hakimbebi mtu mgongoni. Mzee asiyejiweza akikisikia, bado atahitaji mtu wa kumfungulia mlango na kumpandisha garini.

Nasi je?

Akina mama, si lazima tuishi kati ya misonobari ndipo tujifunze hapa. Nyumba iliyozungukwa na nyasi kavu, au yenye kuni zilizopangwa ukutani, ina hatari hiyo hiyo shamba la jirani likichomwa siku ya upepo.

Anzeni na ufagio. Ondoeni nyasi, kuni na takataka zilizogusa ukuta. Kisha ketini jamaa nzima mkubaliane: moto ukija tutatokea wapi, na tutakutana wapi? Nani atambeba mtoto, na nani atamshika bibi mkono? Dawa za kila siku za mgonjwa, miwani yake na kadi yake ya kliniki viwekwe katika mfuko mmoja karibu na mlango.

Baadaye vukeni ua. Katika kila mtaa yuko mtu asiyeweza kukimbia. Afisa wa mji aliye ofisini huenda hamjui kwa jina. Sisi tunamjua, maana tumempelekea uji na kumfunga vidonda. Basi tuandike jina lake, na kando yake jina la jirani wawili watakaomwendea. Wawili, kwa kuwa mmoja anaweza kuwa safarini. Orodha hiyo apewe balozi wa mtaa, na nakala ibaki kwetu.

Wiki hii tukipiga hodi kwa bibi yule, tumwulize pia: "Bibi, usiku wa hatari, nani atakuja kukuchukua?" Akinyamaza, tusiondoke kabla jibu halijapatikana.