Je, Wajua? Barafu, Fidla na Saa ya Mwamuzi

Je, wajua kwamba onyesho linalosifiwa kuliko yote katika mchezo wa kuteleza barafuni lilianza kwa wachezaji kupiga magoti, na kwamba magoti hayo yalikuwa mbinu ya kuishinda saa? Februari 14, 1984, kwenye Olimpiki ya Sarajevo, Waingereza Jayne Torvill na Christopher Dean walicheza Boléro ya Mfaransa Maurice Ravel. Ikipigwa nzima, Boléro huchukua kama robo saa. Kanuni za dansi ya barafuni ziliwapa dakika 4 tu, na nafasi ya kuzidi au kupungua kwa sekunde 10. Wakapunguza, wakapunguza tena, wakakwama kwenye dakika 4 na sekunde 28. Ndipo kanuni ikasomwa upya: saa huanza kuhesabu wachezaji wanapoanza kuteleza, si muziki unapoanza kulia. Basi wakapiga magoti, vyuma vya viatu havijagusa barafu, wakayumba na kupeperusha mikono kwa sekunde 18 hivi kabla ya kuinuka. Hesabu ikatimia. Majaji wote 9 wakawapa 6.0 upande wa usanii, alama iliyokuwa ya juu kabisa. Dean alikuwa polisi kabla ya hapo na Torvill karani wa bima, watu wawili waliozoea kusoma vifungu.

Na kwa nini Boléro haikatiki kirahisi? Ravel aliitunga mwaka 1928 kwa ajili ya mcheza bale Ida Rubinstein. Ngoma moja ndogo inapiga mdundo uleule tangu mwanzo hadi mwisho, ala zinapokezana tuni, na sauti inapanda kidogo kidogo tu. Ukinyofoa kipande cha katikati, ngazi inakosa vidato na msikilizaji anajikuta juu bila kujua amepandaje.

Wajua kwamba Boléro ilikuja kuwa mali ya umma nchini Ufaransa Mei 1, 2016 tu, ingawa Ravel alifariki mwaka 1937? Hata hivyo, kilichoachiwa ni utunzi. Rekodi ya okestra fulani ina wenyewe, na mtelezaji anayeitaka lazima abishe hodi kwao.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mchezo huu ilichezwa kimya kabisa? Wachezaji walichora maumbo ya duara kwa makali ya viatu, hakuna fidla wala ngoma, kisha majaji wakainama juu ya barafu kukagua mistari. Sehemu hiyo iliondolewa katika mashindano ya kimataifa baada ya 1990. Muziki nao ulikuwa na mtetezi wake mapema: Jackson Haines, Mmarekani aliyejifunza bale, aliyevuka bahari miaka ya 1860 akawakuta watu wa Vienna wanapenda waltzi kuliko mistari. Alifariki Finland mwaka 1875, na leo anaitwa baba wa mchezo.

Siku hizi programu fupi ni dakika 2 na sekunde 40, programu ndefu dakika 4, zote zikiruhusu sekunde 10 mbele au nyuma. Ukizidisha au kupunguza nje ya hapo, kila sekunde 5 zinakula pointi moja. Pointi moja ni kitu gani? Sikiliza. Olimpiki ya Vancouver 2010, Mmarekani Evan Lysacek alipata dhahabu kwa 257.67, Mrusi Evgeni Plushenko akabaki na 256.36. Tofauti: 1.31. PyeongChang 2018, Alina Zagitova alipata 239.57 na Evgenia Medvedeva 238.26. Tofauti: 1.31 ileile! Anayekata muziki akisinzia kidogo, medali inabadilisha shingo.

Zagitova mwenyewe ni somo zima. Alicheza Don Quixote, bale ya Ludwig Minkus iliyoonyeshwa kwanza Moscow mwaka 1869, na miruko yake yote akaipanga nusu ya pili, kwa kuwa mruko wa nusu hiyo uliongezewa asilimia 10. Nusu ya kwanza ikawa ya mikono na hatua, nusu ya pili ikawa mvua ya miruko. Wapo waliolalamika kwamba muziki umegawanywa kwa kikokotoo, nami nakubaliana nao, ingawa miguu yake haikukosea kitu. Baada ya msimu huo kanuni ikabadilishwa: nyongeza hupewa miruko michache ya mwisho tu.

Sasa tumtazame aliyekata vizuri. Yuzuru Hanyu wa Japani alicheza Ballade namba 1 ya Chopin katika programu fupi ya misimu minne tofauti, ukiwemo ule wa PyeongChang. Rekodi ni ya mpiga piano Krystian Zimerman, miondoko ilipangwa na Mkanada Jeffrey Buttle, bingwa wa dunia wa 2008. Piano inaanza na Hanyu amesimama kama alivyo, kichwa tu ndicho kinachogeuka taratibu. Kisha unakuja mruko wa mizunguko minne, nao haukulazimishwa juu ya kishindo cha piano; unatokea muziki ukiwa bado mtulivu, anatua na tuni inaendelea pasipo kukatika. Chopin aliweka mwishoni mwa Ballade dakika ya vurugu, vidole vinakimbia juu na chini ya kinanda. Hapo Hanyu hana tena mruko uliobaki, anamwaga hatua zake kwa kasi ileile ya vidole. Majaji walimpa 111.68, na siku iliyofuata akatwaa dhahabu yake ya pili ya Olimpiki.

Je, wajua kwamba Calgary 1988 wanawake wawili waliowania dhahabu walifika na muziki wa opera ileile, Carmen ya Georges Bizet? Katarina Witt wa Ujerumani Mashariki alicheza Carmen anayekufa, akamaliza akiwa amelala barafuni. Carmen wa Mmarekani Debi Thomas hakufa. Witt alishinda; Thomas akashika nafasi ya tatu, akawa mwanamichezo Mweusi wa kwanza kupata medali katika Olimpiki ya majira ya baridi, na baadaye akawa daktari wa upasuaji wa mifupa. Bizet hakuonja utamu wa kazi yake: alifariki Juni 1875, miezi mitatu baada ya onyesho la kwanza, akiwa na miaka 36.

Katika opera hiyo Carmen anaimba, lakini Carmen wa Calgary alikuwa bubu. Maneno ya nyimbo hayakuruhusiwa. Dansi ya barafuni ilifunguliwa mlango mwaka 1997, lakini wachezaji wa mmoja mmoja na wa jozi walisubiri hadi msimu wa 2014–15. Ndiyo maana katika video za zamani utasikia fidla au tarumbeta ikiimba mahali pa mtu. Sauti zilizoingia barafuni tangu hapo ni nyingi, mojawapo ikiwa ya mzaliwa wa Zanzibar, Freddie Mercury: msimu wa 2023–24 Madison Chock na Evan Bates wa Marekani walicheza nyimbo za Queen na wakamaliza mwaka wakiwa mabingwa wa dunia.

Scheherazade ya Nikolai Rimsky-Korsakov, ya mwaka 1888, imechezwa hadi wengine wameichoka. Mimi sijaichoka. Msomaji wa Alfu Lela Ulela ataitambua mara moja: fidla pekee ndiyo sauti ya Shahrazadi akimsimulia mfalme, okestra nzima ndiyo bahari ya Sindbad. Mtunzi aliijua bahari kwa macho, maana alikuwa afisa wa jeshi la majini la Urusi. Kwa mtelezaji, mpangilio huo ni zawadi: fidla inapobaki peke yake, unapata pumzi na kujipanga, wimbi linapopasuka, unaruka. Lysacek aliitumia Vancouver bila mruko hata mmoja wa mizunguko minne, akampiku Plushenko aliyekuwa nao.

Wajua kwamba mruko si kila kitu? Torino 2006, Shizuka Arakawa alicheza Turandot ya Puccini na katikati akapinda mgongo kinyumenyume, kichwa karibu kuangalia nyuma, huku miguu ikiteleza kwenye mistari miwili mirefu iliyo sambamba. Pozi hilo halikuwa na alama yoyote kwenye karatasi ya majaji. Alilifanya hata hivyo, akapata dhahabu, medali pekee ya Japani katika michezo ile. Fidla iliyosikika ilikuwa ya Vanessa-Mae, ambaye mwaka 2014 aliingia Olimpiki ya Sochi mwenyewe, akishuka mlima kwa ski kwa niaba ya Thailand!

Sochi hiyohiyo, Mjapani Mao Asada aliharibu programu fupi hadi nafasi ya 16. Kesho yake alicheza Konseto ya piano namba 2 ya Rachmaninoff, muziki uliozaliwa baada ya mtunzi huyo kuvunjika moyo kwa kushindwa kwa simfoni yake ya kwanza, akaacha kutunga, kisha akatibiwa na daktari Nikolai Dahl, aliyetunukiwa konseto hiyo. Asada alipata 142.71, alama zake bora kuliko zote za programu ndefu, akapanda hadi nafasi ya 6.

Si lazima muziki uwe maarufu. Michelle Kwan alipata fedha Nagano 1998 kwa Lyra Angelica, kazi ya kinubi na nyuzi ya Mwingereza William Alwyn, ambayo watazamaji wengi hawakuwahi kuisikia. Hakukuwa na tuni ya kumsaidia kupigiwa makofi. Ilibidi ayatafute mwenyewe.

Na Nagano hiyohiyo, je, wajua nani alipindua Misimu Minne ya Vivaldi? Mfaransa Surya Bonaly, mtelezaji Mweusi aliyekuwa na jeraha na aliyejua kwamba medali imeshapita. Katikati ya fidla za Vivaldi alijirusha kinyumenyume hewani, kitendo kilichopigwa marufuku tangu miaka ya 1970, akatua kwa mguu mmoja. Majaji wakamkata alama, akamaliza wa 10. Mwaka 2024 chama cha kimataifa cha mchezo huu kiliondoa marufuku hiyo.