Kutoka "kitu cha Mchina" hadi jina linaloaminika: kampuni za China zinavyojenga chapa

Ukipita kwenye maduka ya simu ya Kariakoo, au ukikaa kwa fundi yeyote wa mtaani, utasikia neno "Mchina" likitumika kwa maana ya kitu kisichodumu. "Hiyo ni ya Mchina," mtu anakwambia, na mjadala umekwisha. Cha kuchekesha ni kwamba anayesema hivyo mara nyingi ana Tecno, itel au Infinix mfukoni. Simu hizo zote tatu ni za kampuni moja kutoka Shenzhen, Transsion. Lakini yeye hazihesabu kuwa za Mchina. Anaziita kwa majina yake.

Kampuni ikifika mahali ambapo wateja wanaitaja kwa jina na kusahau ilikotoka, hapo imejenga chapa. Wasikilizaji wa vipindi vyetu vya biashara hutuuliza mara kwa mara kampuni za China zinafanyaje hadi zinafika huko, maana si miaka mingi iliyopita watu walikuwa wakizikimbia. Tumeona tulieleze kwa maandishi, kwa kuwa dakika tano za redio hazitoshi.

Tuanze na pesa, kwa sababu ndiyo iliyowasukuma. Watafiti wa Marekani walichambua bei ya simu ya iPhone 4 ya mwaka 2010 na kukadiria kwamba kazi ya mikono iliyofanyika China ilipata chini ya asilimia 2 ya bei ya simu. Zaidi ya nusu ilibaki kwa Apple, mwenye jina na ubunifu. Stan Shih, mwanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Acer ya Taiwan, alikuwa amekwisha kulichora jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa mstari wenye umbo la tabasamu. Ncha moja ya mdomo, iliyo juu, ni anayebuni. Ncha ya pili, nayo juu, ni mwenye jina na mtandao wa mauzo. Chini kabisa, katikati, yupo anayefunga skrubu kiwandani. China ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani tarehe 11 Desemba 2001, oda zikamiminika, na viwanda vyake vingi vikajikuta hapo chini ya tabasamu: kazi nyingi, faida kiduchu, na mteja anayeweza kuhamia Vietnam kesho yake asubuhi.

Serikali ya Beijing ililiona hilo mapema. Ilihimiza kampuni zake kutoka nje ya nchi, na mwaka 2017 ikatangaza tarehe 10 Mei kuwa Siku ya Chapa za China. Vizuri, ila siku ya maadhimisho haijawahi kuuza friji.

Friji zinauzwa kwa namna nyingine, na hapa inatubidi twende Qingdao, mji wa pwani ya mashariki ya China. Mwaka 1984 Zhang Ruimin alikabidhiwa kiwanda cha majokofu kilichokuwa taabani kwa madeni. Mwaka uliofuata mteja mmoja alirudi na malalamiko kwamba friji alilonunua lina kasoro. Zhang akaingia stoo kukagua, akakuta majokofu 76 yenye kasoro. Mengi yalikuwa na kasoro ndogo tu, na wakati ule friji lilikuwa kitu cha anasa ambacho mfanyakazi wa kawaida angelazimika kukusanya mshahara wake kwa muda mrefu sana kukipata. Kulikuwa na pendekezo kwamba wafanyakazi wauziwe kwa bei ya chini. Zhang alikataa. Aliamuru majokofu yote 76 yavunjwe kwa nyundo, na wavunjaji wawe walewale walioyatengeneza. Nyundo mojawapo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya China, Beijing.

Kiwanda hicho leo kinaitwa Haier. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi hadi kimekuwa kama hadithi ya kujitangaza, na bila shaka kampuni inakipenda. Lakini tukumbuke kilitokea wakati wa uhaba, ambapo friji lolote, hata bovu, lingepata mnunuzi. Zhang alitupa pesa ya siku ile ili wafanyakazi wake wajue kwamba kasoro ndogo ni kasoro. Miaka kumi baadaye, 1995, mwenyekiti wa Samsung, Lee Kun-hee, alifanya jambo linalofanana na hilo huko Gumi, Korea Kusini. Simu na vifaa vingine vyenye kasoro vipatavyo 150,000 vilirundikwa uwanjani na kuteketezwa mbele ya wafanyakazi.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa soko la nyumbani methali hiyo inaweza kutosha. Kwa soko la ugenini haitoshi, kwa sababu huko chema cha mtu asiyejulikana nacho hulala rafuni. Haier ilichagua kuanza na masoko magumu, ikaenda Ujerumani ambako teknolojia yake ilikuwa imetokea, kwa kampuni ya Liebherr. Hata jina Haier limechipuka kutoka jina hilo la Kijerumani. Hoja yao ilikuwa kwamba ukikubalika kwa mnunuzi mgumu, hao wengine watakusikiliza.

Marekani walitumia mlango mwingine. Hawakugombana na wakubwa wa huko kwenye majokofu makubwa ya familia. Waliuza vifriji vidogo vya mabweni ya wanafunzi na maofisini, bidhaa ambayo wakubwa waliiona haina maana. Baadaye wakajenga kiwanda Camden, katika jimbo la South Carolina, na mwaka 2016 wakanunua kitengo chote cha vifaa vya nyumbani cha General Electric kwa zaidi ya dola bilioni 5. Angalia walichofanya baada ya kununua: waliliacha jina la GE mahali pake. Mama wa Kentucky aliyezoea jiko la GE aliendelea kununua jiko la GE.

Lenovo ilipita njia inayokaribiana na hiyo, lakini kwanza ilikwama kwenye jina. Kampuni hiyo ilianzishwa Beijing mwaka 1984 na watafiti wa Chuo cha Sayansi cha China, na kwa Kiingereza ilijiita Legend. Walipotaka kutoka nje waligundua kwamba jina hilo lilikuwa limekwisha kusajiliwa na watu wengine katika nchi nyingi. Mwaka 2003 wakabuni Lenovo: "Le" ya jina la zamani, na "novo" yenye asili ya Kilatini, maana yake mpya. Mwaka 2005 wakakamilisha ununuzi wa biashara ya kompyuta binafsi ya IBM, pamoja na jina la ThinkPad. Mkataba uliwaruhusu kutumia jina la IBM kwa miaka kadhaa, muda wa kutosha kwa mteja kuizoea sura mpya huku bado akiiona ile ya zamani. Kufikia 2013 Lenovo ilikuwa muuzaji mkubwa kuliko wote wa kompyuta duniani.

Isidhaniwe kwamba kununua jina la mzungu ni dawa ya kila ugonjwa. TCL ilichukua biashara ya televisheni ya Thomson ya Ufaransa mwaka 2004 na kwa idadi ikawa ya kwanza duniani. Lakini nguvu ya Thomson ilikuwa kwenye televisheni za kichogo, wakati ambapo wateja wa Ulaya walikuwa tayari wanahamia kwenye skrini bapa. Hasara ikawa kubwa hadi kampuni ikalazimika kufunga sehemu kubwa ya biashara hiyo ya Ulaya. Walinunua jina linalojulikana lililobeba bidhaa inayokufa.

Sasa turudi kwa Transsion, ambayo kwetu ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi, maana haikununua jina la mtu. Ilianzishwa mwaka 2006 na Zhu Zhaojiang, aliyekuwa amefanya kazi katika kampuni ya simu ya Bird, ya Ningbo. Nyumbani China soko lilikuwa limejaa washindani, hivyo kampuni ikaelekeza nguvu zake Afrika. Hadi leo ukimuuliza mtu wa Shanghai kuhusu Tecno, huenda asijue unazungumzia nini.

Walichokiona hapa ni vitu ambavyo wakubwa waliviona lakini hawakuvijali. Kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo watu walikuwa na laini mbili au tatu na kuzibadilisha kila mara kwa kufungua mfuniko wa simu. Tecno ikaleta simu ya laini mbili. Umeme ulikuwa wa shida, wakaweka betri inayokaa siku kadhaa. Kamera za simu nyingi zilikuwa zimepimwa kwa ngozi nyeupe, hivyo picha ya mtu mweusi kwenye mwanga hafifu ilitoa meno na macho tu. Wahandisi wao wakazirekebisha kamera zitambue ngozi yetu. Wakaweka pia kibodi za lugha kama Kiamhari, na katika simu ndogo wakaacha tochi na redio ya FM. Hilo la redio sisi tunalishukuru kwa sababu zinazoeleweka.

Halafu kuna jambo ambalo kwa maoni yetu lilibeba uzito kuliko kamera. Waliweka mafundi. Kupitia Carlcare, mtu wa Mwanza au Kisumu aliyepasua kioo alipata mahali panapojulikana pa kwenda, na vipuri halisi. Mwaka 2011 wakafungua pia kiwanda cha kuunganisha simu Ethiopia. Kumbuka hizo ndizo zilikuwa nyakati za simu feki. Kenya ilizizima mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania kupitia TCRA ikafanya hivyo Juni 2016. Aliyeamka akakuta simu yake imekuwa tofali alijifunza siku hiyo kuuliza jina kabla ya kutoa pesa. Septemba 2019 Transsion iliingia kwenye soko la hisa la Shanghai, ikiwa imekwisha kuwapita Samsung na Nokia kwa idadi ya simu zinazouzwa Afrika.

Lakini imani ikipatikana hivyo, inaweza pia kutoboka. Mwaka 2020 kampuni ya usalama wa mitandao ya Upstream iliripoti kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa, zikiwemo Ethiopia, Ghana na Afrika Kusini, zilikuja na programu hasidi ndani yake, iliyojaribu kumuunganisha mteja na huduma za kulipia bila yeye kujua. Transsion ilisema tatizo lilitoka kwa msambazaji mmoja katika mnyororo wake. Kwa aliyenunua vocha ya shilingi 500 ikayeyuka, maelezo ya msambazaji hayana faida. Jina lililo nyuma ya simu ndilo analolijua.

China yenyewe inalifahamu hilo kwa uchungu zaidi. Mwaka 2008 maziwa ya unga ya watoto ya Sanlu yaligundulika kuwa na melamini, kemikali ya viwandani iliyotumika kufanya maziwa yaonekane yana protini nyingi. Watoto sita walikufa na karibu 300,000 waliugua. Sanlu ilikuwa miongoni mwa chapa kubwa za maziwa nchini humo, na haikumaliza miezi michache ikafilisika. Kwa miaka mingi baadaye wazazi wa China walikuwa wakivuka kwenda Hong Kong kununua maziwa ya nje, hadi mamlaka za huko zikaweka kikomo cha makopo ambayo mtu anaweza kutoka nayo.

Kuna na kikwazo ambacho ubora hauwezi kukiondoa. Huawei ilikuwa imepanda hadi nafasi ya pili duniani kwa mauzo ya simu pale Marekani ilipoiwekea vikwazo Mei 2019. Simu zake mpya zikakosa huduma za Google, na mteja wa Ulaya akazikimbia. Kamera ilikuwa ileile nzuri. Kilichobadilika ni siasa.

Kwa sasa anayetazamwa zaidi ni BYD, kampuni ya Shenzhen iliyoanza mwaka 1995 kwa kutengeneza betri na sasa inauza magari ya umeme. Katika fainali za mpira za Euro 2024, zilizochezwa Ujerumani, wadhamini watano walikuwa wa China, na nafasi ya mdhamini wa magari, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya Volkswagen, ilichukuliwa na BYD. Oktoba mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ukapitisha ushuru wa ziada kwa magari ya umeme yanayotoka China, ambao kwa BYD ni asilimia 17. BYD nayo ilikuwa imekwisha kuanza kujenga kiwanda Szeged, Hungary, ndani ya mpaka wa ushuru huo.