Zege halisubiri mkaguzi

Manung'uniko ya wajenzi wa Dar es Salaam kuhusu kibali cha ujenzi ni ya siku nyingi, na maofisa wa halmashauri wanayajua kwa moyo. Yanayosikika kidogo ni yale yanayoanza kibali kikishatoka. Msingi umechimbwa, au nondo za slabu zimefungwa na mirunda imesimama chini yake, na swali linabaki moja: mkaguzi anakuja lini?

Mkandarasi mmoja wa maghorofa ya kati, anayeomba jina lake lisiandikwe kwa kuwa maombi yake mengine bado yako mezani kwa watu haohao, ana hesabu yake. Siku ya kumwaga slabu, anasema, huundwa na watu wengi. Mixa na vaibreta ni za kukodi. Vibarua wanaitwa tangu jana yake. Kama zege linatoka kiwandani, kawaida ya biashara hiyo ni limwagwe ndani ya dakika 90 tangu lichanganywe, na foleni ya Barabara ya Mandela haijui kanuni hiyo. Yote haya huelekezwa kwenye asubuhi moja. Mkaguzi akipiga simu saa nne kwamba gari limepewa kazi nyingine, mkandarasi ana njia mbili: awalipe vibarua waondoke na aendelee kulipia mirunda kwa siku, au amwage.

Anakiri kwamba amewahi kumwaga. Mkaguzi alipofika baadaye alikuta slabu imekauka, akatembea juu yake, akasaini.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Ukaguzi wa kabla ya zege ndio pekee unaoonyesha unene wa nondo, nafasi kati ya moja na nyingine, urefu wa maungio, na kama nondo zimeinuliwa kwa vipande vya zege ili zisilale juu ya mbao. Zikishafunikwa, kinachobaki ni vipimo vya gharama na maneno ya fundi. Vipande vya majaribio vinavyovunjwa maabara baada ya siku 28 vinasema zege lina nguvu kiasi gani. Havisemi kama nondo ziliwekwa za milimita 16 au 12.

Lalamiko la pili la mkandarasi huyo ni usafiri. Anadai ameshazoea kumfuata mkaguzi ofisini kwa gari lake na kumrudisha, na kwamba asiye na gari huchangia mafuta. Hakusema ni kiasi gani. Mwenye mradi anayembeba mkaguzi wake kwenda na kurudi huenda hana nia mbaya, ila ni vigumu kuona ukaguzi wa namna hiyo ukimalizika kwa amri ya kubomoa.

Ofisa wa upande wa pili, naye bila jina, hakubaliani na picha hiyo. Maombi sasa yanapita mtandaoni, anasema, na taarifa ikiingia mapema mkaguzi hufika kesho yake. Wanaochelewa ni wajenzi wenyewe, wanaotoa taarifa nondo zikiwa zimeshafungwa na mixa iko njiani. Inawezekana. Lakini mfumo wa mtandao unaonyesha saa ombi lilipoingia, hauongezi wakaguzi wala magari. Alipoulizwa mkaguzi mmoja hupangiwa miradi mingapi kwa siku, ofisa huyo alirudi kwenye ubora wa mfumo.

Takwimu za kimataifa nazo zilikuwa na udhaifu wake. Ripoti maarufu ya kulinganisha wepesi wa kufanya biashara, iliyofutwa mwaka 2021 baada ya kugundulika dosari katika takwimu za baadhi ya nchi, ilihesabu muda wa kujenga ghala kwa taratibu na siku. Kwa kanuni yake, utaratibu usiokamilika mtandaoni ulihesabiwa angalau siku 1. Serikali nyingi zilishindania nafasi katika jedwali hilo, na mageuzi mengi yakaelekezwa kwenye makaratasi ya mwanzo, yanayopimika kirahisi. Asubuhi iliyopotea kwa kumsubiri mkaguzi haikuwa na safu yake.

Gharama ya ukaguzi usiofanyika inajulikana. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Ilielezwa wakati ule kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Ghorofa sita haziongezwi usiku mmoja. Novemba 2024 likaanguka jengo la Kariakoo lililokuwa likitumika kwa biashara, na amri ikatoka majengo ya eneo hilo yakaguliwe. Kila mara kinachofuata ni msako wa jumla, wenye kamera na rangi nyekundu ukutani. Ratiba ya kila siku ya mkaguzi wa kawaida haipigwi picha.

Wapo wanaoona jibu ni simu. Baada ya 2020 miji kadhaa ya Marekani iliruhusu baadhi ya kaguzi ndogo zifanywe kwa video ya moja kwa moja, na Dar es Salaam tayari picha za nondo hupita WhatsApp kati ya fundi, mhandisi mshauri na mwenye nyumba. Mkandarasi wetu anaupenda mpango huo, jambo ambalo peke yake linatia shaka kidogo. Picha ya nondo za slabu ya jirani inafanana sana na ya kwako.

Kwa miradi mikubwa hali inaweza kuwa nafuu: kuna mhandisi mshauri eneo la kazi kila siku, na benki inayotoa mkopo kwa awamu huwa inataka hati kabla ya kuachia fedha. Mwenye mkopo anaweza pia kubana ofisi kwa barua. Lakini jiji lenye watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022 linajengwa zaidi na watu wanaonunua nondo mbilimbili kila mshahara unapotoka, wengi wao Goba, Chanika na Mbagala, kwenye maeneo ambayo mengine hayajapimwa. Hao hawasubiri mkaguzi kwa sababu hawakumwita, na sehemu yao inayoanza kupandisha ghorofa ya kwanza juu ya msingi wa nyumba ya chini haionekani katika ratiba ya mtu yeyote. Ofisa alisema mpango wa kuwafikia upo. Hakutaja mwaka.