Fahamu: Kwa nini Iron Chef ya Marekani iliwagawa mashabiki?

Kilianzia wapi?
Iron Chef ni shindano la mapishi la Fuji TV ya Japani, lililorushwa kuanzia 1993 hadi 1999. Mwenyekiti wake, aliyeigizwa na Takeshi Kaga, aliuma pilipili hoho mbichi, kisha akafunua kiambato cha siri. Wapishi walikuwa na dakika 60 za kupika nacho.

Marekani ilifanya nini?
Toleo la UPN la 2001, lenye mwigizaji William Shatner, halikudumu. Iron Chef America ya Food Network ndiyo iliyoshika, ikiwa na mpishi Masaharu Morimoto kutoka kipindi cha awali.

Ugomvi ulikuwa wapi?
Katika toleo la Marekani, mashabiki wengi walikosa mbwembwe za Kaga na umakini wa Wajapani jikoni. Tofauti hiyo ilionekana mapema: mwaka 2000 huko New York, mpishi Mmarekani Bobby Flay, akipambana na Morimoto, alipanda juu ya ubao wa kukatia akishangilia. Morimoto alikasirika: kwa mpishi, ubao na kisu huheshimiwa.

Kwetu je?
Anayekumbuka vibanda vya video Mbagala anamjua Lufufu, aliyesimulia filamu za nje kwa Kiswahili. Alipendwa kwa sababu aliongeza ladha yetu. Televisheni zetu zinaponunua vipindi vya nje, zifanye hivyo hivyo.