Mabakuli Ukutani: Sanaa ya Kauri katika Majumba ya Pwani

Sanaa ya vigae vya udongo wa kuchoma, yaani vipande bapa vya udongo vinavyopakwa utando wa kioo na kuokwa tanuruni mpaka rangi ishikamane na mwili wa kigae, imetumika katika nchi nyingi kupamba makao ya wafalme, na wakati mwingine hata kuyachora makao yenyewe. Thailand ni miongoni mwa nchi ambazo jumba la kifalme na kauri haviwezi kutenganishwa. Jumba Kuu la Bangkok, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1782 chini ya Mfalme Rama wa Kwanza, lina mahekalu na nguzo zilizovikwa vigae vya rangi na vipande vya vioo, na ng'ambo ya mto Chao Phraya kuna mnara wa hekalu la Wat Arun, ambao katika karne ya 19 ulifunikwa kwa vipande vya sahani na mabakuli ya Kichina, vikapangwa kimoja kimoja hadi vikawa maua. Huko kauri iliyovunjika iligeuzwa kuwa pambo la kifalme. Katika pwani ya Waswahili lilitendeka jambo la karibu na hilo, lakini kwa njia tofauti kidogo, kwa kuwa mafundi wa pwani hawakuchukua vipande: walichukua bakuli zima, likiwa halina ufa, wakalizika ndani ya ukuta.

Msomaji aliyeko Sanje, chini ya milima ya Udzungwa, anaweza kudhani kuwa habari hizi ni za watu wa mbali, lakini ramani inasema vingine. Maji yanayoanguka katika maporomoko ya Sanje huishia katika mto Rufiji, ambao huanza pale mito ya Kilombero na Luwegu inapokutana, na delta ya Rufiji iko kaskazini tu ya Kilwa. Vilevile, vyungu vyenye mistari ya pembetatu iliyochorwa shingoni, ambavyo wanaakiolojia wanavitambua kuwa alama ya makazi ya mwanzo ya pwani, vya kati ya karne ya 6 na ya 10 hivi, vimechimbuliwa pia Dakawa, katika mkoa wa Morogoro ilipo Sanje. Pwani na bara zilikuwa na mkono mmoja wa ufinyanzi kabla meli za kauri hazijawa jambo la kawaida bandarini.

Jumba la kifalme linalostahili kutajwa kwanza ni Husuni Kubwa, katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, kwa sababu ya ukarimu wake, na ndiye aliyekuwa akitawala wakati Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331. Jumba hilo limesimama juu ya jabali linalotazama bahari. Lina vyumba zaidi ya 100, nyua zilizozama chini ya usawa wa vyumba, ngazi pana za mawe ambazo watu wangeweza kuzikalia wakati wa baraza, na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Utajiri uliolijenga ulitokana na dhahabu iliyopitia Sofala na pembe za ndovu kutoka bara. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji wa Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alipata humo chupa ya kauri ya Kichina ya zama za nasaba ya Yuan, pamoja na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe yakimtaja sultani huyo. Hata hivyo, Husuni Kubwa halikukaliwa muda mrefu, na sehemu zake nyingine hazikukamilika. Labda lilikuwa jumba kubwa kuliko hazina iliyolilisha.

Anayetaka kuona kauri ikiwa sehemu ya jengo lenyewe hana budi kutoka Husuni Kubwa na kwenda katika msikiti mdogo wa makuba wa Kilwa, wa karne ya 15, ambao ni mojawapo ya majengo mazuri kuliko yote yaliyobaki katika pwani hii. Dari lake limegawanywa katika makuba na matao madogo, na ndani ya matao hayo mafundi walipachika mabakuli yenye utando wa kijani na wa buluu, midomo yake ikiwa imeelekezwa chini kwa waumini. Mchana, nuru inayoingia kwa milango hupanda ukutani kutoka sakafuni, na mahali bakuli lilipo utando wake hurudisha mng'ao ambao chokaa haiwezi kuutoa.

Ufundi wa kulipachika bakuli unafaa kuelezwa kwa undani, kwa maana ndani yake mna akili nyingi. Ukuta wa pwani hujengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo hupatikana kwa kuyapanga matumbawe juu ya lundo kubwa la magogo, kuyachoma, kisha kuyaacha yanyeshewe na kulala mpaka ukali wake upungue. Kwa kazi za nakshi hutumika matumbawe ya aina nyingine, yaliyotolewa baharini yakiwa hai, ambayo huchongeka kwa urahisi yakiwa mabichi na kuwa magumu yakikauka. Fundi alipofika mahali pa bakuli aliacha tundu la duara, akalijaza chokaa laini, kisha akakandamiza bakuli, kitako mbele, hadi mdomo ukawa sawa na uso wa ukuta, na mwishoni akapitisha lipu nyembamba kuuzunguka. Ndiyo maana bakuli likibanduliwa leo, tundu linalobaki huwa na ushahidi wake: chini kabisa huonekana duara dogo lililochapwa na ukingo wa kitako, na kwa kupima duara hilo na upana wa tundu mtaalamu anaweza kukadiria aina ya chombo kilichokuwapo, hata kama chombo chenyewe kilikwisha kuibwa zamani.

Bakuli lililopachikwa hivyo halitumiwi kulia chakula tena, haliuzwi, wala halirithishwi peke yake. Hapa ndipo penye maana ya sanaa hii, kwa sababu kitu kilichovuka bahari kwa miezi mingi, na ambacho mwenyewe angeweza kukibadilisha kwa nguo au shanga, kiliondolewa sokoni moja kwa moja na kufanywa mali ya ukuta. Kuonyesha uwezo wa kutokitumia kitu cha thamani ni lugha ya mamlaka inayoeleweka hata sasa, na kabati la vyombo sebuleni, lenye sahani za maua ambazo mgeni huziona lakini hapakuliwi kwazo, ni ndugu wa mbali wa matao ya Kilwa.

Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, hasa za karne ya 18, kauri ilipata makao ya namna nyingine yaitwayo zidaka, yaani safu za vishubaka vilivyochongwa kwa lipu na kufunika ukuta mzima wa chumba cha ndani, mahali pa mwenye nyumba na mkewe. Humo vyombo viliwekwa bila kupachikwa, na watafiti walioishi na wenyeji wa Lamu wameandika kuwa kauri ilisadikiwa pia kukinga dhidi ya husuda, kwamba jicho baya likiangukia chombo, chombo hupasuka badala ya mtu kudhurika. Imani hiyo inaeleza kwa nini zidaka zilijaa katika chumba ambacho wageni wengi hawakufika, jambo ambalo fahari peke yake isingeweza kulieleza.

Kutoka nyumba za walio hai kauri ilihamia pia kwenye makaburi. Makaburi ya nguzo, ambayo ni makaburi ya mawe yenye mnara uliosimama upande mmoja, yanapatikana katika pwani ya Kenya na Tanzania, na mengi yalipambwa kwa sahani na mabakuli. Mambrui, kaskazini mwa Malindi, ipo nguzo iliyopachikwa mabakuli ya zama za Ming. Kaole, karibu na Bagamoyo, matundu yamebaki mengi kuliko vyombo. Kunduchi, pembeni mwa Dar es Salaam, makaburi ya karne ya 18 yanathibitisha kwamba desturi hiyo iliendelea muda mrefu baada ya Wareno kuipora Kilwa mwaka 1505 na kuuvuruga ukuu wake.

Vyombo vyenyewe vilitoka pande nyingi. Vya kijani, vinavyoitwa seladoni, vilitengenezwa zaidi katika matanuru ya Longquan, mashariki ya China. Vyeupe vyenye michoro ya buluu vilitoka Jingdezhen, na buluu yake ni madini ya kobalti. Vingine vilitoka Uajemi na nchi za Kiarabu. Thailand nayo ilikuwamo, kwani matanuru ya Si Satchanalai yaliuza nje bidhaa zinazojulikana kwa jina la Sawankhalok, na vipande vyake vimepatikana katika magofu ya pwani, ingawa ni vichache mno ukivilinganisha na vya Kichina. Gedi, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, kuna jumba la mtawala na nyumba zilizopewa majina kutokana na vitu vilivyookotwa ndani yake, mojawapo ikiitwa Nyumba ya Bakuli la Kauri.

Wingi wa vipande vya kauri ya ng'ambo uliwachanganya wasomi wa zamani. Mwanaakiolojia Sir Mortimer Wheeler, aliyetembelea pwani ya Tanganyika mwaka 1955, alistaajabia vipande vya kauri vilivyotapakaa ufukweni, na kwa muda mrefu baada yake vilitumiwa kama hoja kwamba miji hii ilijengwa na wageni. Hoja hiyo ni dhaifu. Katika magofu mengi sehemu kubwa kabisa ya vyombo vilivyochimbuliwa ni vyungu vya kufinyangwa na wenyeji, na vya ng'ambo ni asilimia ndogo. Isitoshe, hakuna ushahidi kwamba mtu wa China au wa Uajemi alimfundisha fundi wa Kilwa kukandamiza bakuli zima katika tao la matumbawe au kulivika kaburi la nguzo sahani. Chombo kilitoka mbali, lakini wazo la kukiweka pale lilikuwa la pwani, na jengo linapaswa kuhukumiwa kwa wazo lake.

Mabakuli mengi hayapo tena ukutani. Mengine yalichukuliwa na wasafiri na wakusanyaji, na mengine yaliyonusurika huhifadhiwa katika makumbusho, yakiwemo ya Fort Jesus, Mombasa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Adui wa kauri iliyobaki ni mizizi ya miti, chumvi ya bahari, na saruji. Hiyo ya mwisho hushangaza wengi, lakini saruji ni ngumu kuliko chokaa na hairuhusu unyevu kupita, kwa hiyo mahali ukuta ulipozibwa nayo, maji hunaswa nyuma yake, chumvi hukusanyika, chokaa ya zamani hugeuka unga, na bakuli lililodumu miaka 500 hulegea ndani ya miaka michache. Kwa sababu hiyo ukarabati wa Kilwa umerudia chokaa ya matumbawe, na mafundi wa visiwani wamekuwa wakijifunza upya kuichoma na kuilaza.